Nilisema Sikumwona

Septemba 4

Maua kumi na tisa leo, ya kwanza msimu huu. Feleti alitaka kuyachavusha yeye, eti mshono wangu haujakauka, lakini vidole vya mume wangu ni vya kuchimbia viazi vikuu, si vya kazi hii. Ua la vanila hufunguka alfajiri, na ikifika saa sita mchana limekwisha. Usipoinua ule utando mdogo kwa kijiti ukabana dume kwa jike, hakuna tunda, umengoja mwaka mzima bure. Huku kisiwani kwetu Vava'u hatuna mdudu wa kutufanyia. Nimeyamaliza yote nikiwa nimekalia ndoo.

Daftari hili aliliacha binti yetu 'Ana alipokwenda kusoma Auckland. Kurasa tatu za mwanzo ni hesabu zake. Naandika kwa sababu kuna jambo ambalo kila nikilisema kwa mdomo linatoka jingine.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita kidole tumbo kilinipasukia. Mchana wa saa tisa, madaktari wakiwa wananipasua, presha ikashuka na kwa muda wakanipoteza. Mimi nilikuwa juu, karibu na dari. Niliuona mwili wangu pale mezani, nyayo zina udongo wa shamba. Nilimwona Feleti ameegemea ukuta, kofia mkononi, analia mabega yanatetemeka. Halafu nikaamka koo limekauka.

Basi. Kuna kitu kimoja zaidi, lakini sijawa tayari kukiandika.

Septemba 7

Wageni. Kila mmoja amekuja na maelezo yake.

Mdogo wangu Fatai, ambaye ni nesi, alinisikiliza huku ananikagua mshono. "Dada, ubongo ukikosa damu unajichezea sinema. Mara hii ulikuwa na tiketi ya juu." Akacheka peke yake.

Shangazi Pisila, dada wa marehemu baba, hakucheka. Shangazi akiingia sote tunashuka vitini tukakaa mkekani kwa heshima, hata mume wangu. "Ulipita makaburini Julai ukiwa umefumua nywele, na ni mwiko," akasema. "Mama mkwe wako alikuwa anakusubiri. Alikuchukua akaona humfai, akakurudisha." Alinikamulia majani machoni na masikioni. Nimeshinda nawashwa.

Jioni akaja Mchungaji Havili. "Dada Lesieli, Bwana amekurudisha kwa kazi. Alikuonyesha nini?"

"Nilimwona Feleti."

"Na mwanga je?"

"Palikuwa na taa ya chumba cha upasuaji, mchungaji."

"Taa!" Alinitazama kama mwalimu anayemsubiri mtoto mzito. "Uuite mwanga, dada. Ukiuita taa unamnyima Mungu utukufu wake."

Feleti alisema, "Amerudi. Inatosha."

Septemba 9

Maua arobaini. Mvua hakuna.

Septemba 14, Jumapili

Nimetoa ushuhuda kanisani. Nilipanga kusema maneno machache: niliugua, nikapasuliwa, nimepona, asanteni kwa maombi. Nilipofika kwenye dari kanisa zima likanyamaza, hata watoto. Sijawahi kunyamaziwa hivyo maishani. Kwenye kikundi chetu cha kusuka mikeka nikianza sentensi, mwenzangu huimalizia.

Nikasema "mwanga". Mtu nyuma akaitika, "Ee Bwana!" Nikasema ulikuwa mweupe. Nikasema kulikuwa na watu wamevaa vizuri, wanaimba kwa sauti nne, wimbo wetu huuhuu wa Jumapili. Nikasema mkono ulinishika bega na sauti ikaniambia, rudi, bado.

Hapakuwa na mkono. Nilikuwa najisikia nasema, na sikuacha.

Wakati wa kutoka wanawake walinibusu mmoja mmoja. Shangazi Pisila alinibusu pia, akanong'ona, "Huyo aliyekushika bega ni mama mkwe wako." Fatai alinipita tu.

Septemba 17

Mzee Siaosi amekuja kuuliza kama marehemu mkewe anachechemea bado huko. Nikamwambia hachechemei. Alilia kwa furaha, akaniletea kikapu cha magimbi. Tumeyala.

Septemba 18

Maua mia na sita. Mgongo.

Septemba 23

Vaimoana, jirani wa nyumba ya tatu, aliniita kwake kwa chai. Tulianza shule siku moja, mimi na yeye. Mwanawe Lopeti alikwenda Australia mwezi wa pili kuchuma matunda pamoja na vijana wengine. Mwezi wa tano alitoroka shambani akatafute kazi yenye mshahara mzuri zaidi, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Vaimoana ni mjane, na mtoto ni huyo mmoja.

Aliniwekea shelisheli la kuchoma na siagi. Aliongea habari za kuku na za paa lake linalovuja. Nilijua. Nilikula polepole nikitumaini atakosa ujasiri wa kuuliza.

"Lesieli, mwenzangu. Nikuulize kitu, usinifiche."

"Uliza."

"Kule. Wale watu waliokuwa wanaimba. Lopeti alikuwemo?"

Naandika hapa kama ilivyokuwa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia hapakuwa na watu. Mlango ulikuwa wazi, sisi wawili tu. Nikafikiria kanisa litasema nini. Nikafikiria Mzee Siaosi na kikapu chake. Nikatafuta neno ambalo si uongo, nikalipata upesi mno.

"Sikumwona," nikasema.

Alishika meza. "Una hakika?"

"Hakika. Sikumwona."

"Basi mwanangu yuko hai." Alisimama, akakaa, akasimama tena, akacheka, akanimiminia chai kikombe kikiwa bado kimejaa ikamwagika mezani. "Yuko hai! Mshenzi yule, akinipigia simu nitamtukana mpaka betri iishe!"

Nilicheka naye. Ni kweli kabisa kwamba sikumwona.

Septemba 24

Maua mia mbili na kumi na moja.

Oktoba 2

Vaimoana anaimba akifua. Mtaa mzima unamsikia. Ameanza kumsukia Lopeti mkeka wa kiunoni, ule mwembamba wa sherehe, wa kuvaa akirudi. Aliniletea niupime kwa Feleti kwa sababu wanalingana kiuno. Feleti alisimama kama nguzo huku tunamzungushia.

Ukame. Marando ya vanila yameanza kunyauka upande wa kusini. Nachota maji kwa ndoo ingawa Fatai amenikataza.

Oktoba 9

Askari kutoka kituo cha mjini alikuja kwa Vaimoana saa nne asubuhi. Nilikuwa shambani, nikaliona gari.

Huko Australia mwezi wa saba ulipatikana mwili wa kijana mtoni, hauna kitambulisho, ulikuwa umekaa majini siku nyingi. Wanadhani ni mtu wa visiwa vyetu. Wanaomba mama asuguliwe ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, wapime vinasaba, basi.

Amekataa. Mbele ya majirani wote alimwambia askari, "Mwanangu yuko hai. Kuna mtu amefika kule na hakumwona. Muulizeni Lesieli." Wakanigeukia. Askari kijana mwenye adabu akavua kofia. "Mama, ni kweli?"

Nikasema, "Sikumwona."

Sentensi ileile. Imekuwa kama mbwa, naitupa na inanirudia.

Oktoba 10

Maua tisini. Mengi yamejifunga kabla sijayafikia. Sikuamka mapema.

Oktoba 13

Nimejaribu kwenda kwa Vaimoana. Nilifika uani, nikamkuta anasuka ule mkeka, nikamwomba chumvi.

Oktoba 19, Jumapili

Mchungaji Havili amenipeleka kanisa la kijiji cha pili nikatoe ushuhuda. Ningeweza kukataa. Nilivaa gauni jeupe.

Safari hii kulikuwa na mto wa maji ya kioo. Kulikuwa na watoto wachanga waliokufa kabla ya kubatizwa, wote wanacheza. Mama mmoja kijana pale kanisani alianguka chini akilia, wenzake wakamshika. Wakati wa kula tulipewa nguruwe mzima. Nilipewa kiti karibu na mchungaji, juu ya wanaume. Nilipenda. Naliandika hilo pia: nilipenda.

Njiani kurudi Feleti aliendesha. Karibu na nyumbani akasema, "Huo mto hukuniambia."

"Nimeukumbuka leo."

Akasema, "Haya."

Oktoba 28

Fatai amekuja na viatu vyake vya kazini, hakuvivua mlangoni. Hajawahi kufanya hivyo.

"Dada, nimeongea na yule askari. Ule mwili hawawezi kuuhifadhi milele. Mwisho wa Novemba wasipopata ndugu watauzika hukohuko bila jina."

"Si lazima awe Lopeti."

"Si lazima. Ndiyo maana watu wanapima." Akaketi. "Mbona hutaki kumwambia Vaimoana ukweli, Lesieli? Mimi nilikuwepo ulipozinduka. Kitu cha kwanza ulichosema ni 'nyayo zangu chafu'. Hukusema mwanga. Hukusema mto."

"Wewe huamini chochote."

"Mimi naamini kabisa kwamba ulipita mahali. Sijui ni wapi. Lakini hii unayotembea nayo makanisani si mahali ulipopita."

Nikamwambia yeye ni nesi, anaona nyama tu. Nikamwambia ananionea wivu. Aliinuka akaenda zake. Vumbi la viatu vyake liko mkekani hadi sasa. Sijalifuta.

Novemba 3

Mvua ya kwanza, kubwa, tangu alfajiri. Maua yote yaliyokuwa wazi yameoza. Hatukuwa na la kufanya, tukakaa barazani mimi na Feleti tukiiangalia. Nikaona nianze na yeye. Nikamwambia yote, mkono, waimbaji, mto, kwamba havikuwepo. Aliitikia kwa kichwa tu, kana kwamba namwambia bei ya mafuta.

Halafu nikamwambia kile kitu kimoja zaidi. "Nilikuona pale ukutani unalia. Nilikuona vizuri. Na sikukuonea huruma, Feleti. Miaka ishirini na tano ya ndoa, na nilikutazama kama mtu asiyenihusu. Nilikuwa mwepesi na sikumtaka mtu. Ndiyo sababu nikaweka waimbaji pale. Nilitaka pawe na kitu kizuri kilichonivuta. Sikutaka ijulikane kwamba niliondoka tu."

Mvua ilipiga bati. Alikuna goti.

"Ukuta gani?" akauliza.

"Wa chumba cha upasuaji. Karibu na mlango."

"Lesieli, mimi sikuingia humo. Nani angeniruhusu niingie na viatu vya shamba? Walinitoa hadi nje kwenye gari."

"Basi ulikuwa unalia nje."

Akainamisha kichwa. Masikio yakawa mekundu, mtu mzima wa miaka hamsini. "Nilikuwa nakula. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Kulikuwa na mkate na samaki wa kopo kwenye gari, nikala wote. Fatai alikuja mbio kuniambia wanakupoteza, akanikuta mdomo umejaa. Nilishindwa hata kumeza nimjibu. Sijamwambia mtu."

Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni mimi, na mshono ukaniuma. Lakini baadaye, nikipika, niliuacha moto nikaja kuandika hili. Lile nililolishika kuwa la kweli, lile moja nililojisifu moyoni kwamba sikuliongezea chumvi, nalo nililitengeneza. Nilimweka mume wangu ukutani na kofia mkononi kwa sababu ndivyo naamini mume anavyopaswa kusimama. Mchungaji aliweka mwanga, shangazi akaweka mama mkwe, Fatai akaweka sinema. Mimi niliweka kofia. Kesho nakwenda kwa Vaimoana.

Novemba 4

Sikwenda.

Novemba 5

Nimekwenda. Alikuwa anakwangua majani ya kusukia kwa kombe la chaza. Hakuinuka. "Kaa. Kuna maji ya limau kwenye jagi." Nikanywa kwanza, Mungu anisamehe.

"Vaimoana, Lopeti sikumwona."

"Si ulishaniambia." Alitabasamu.

"Sikumwona mtu yeyote."

"Mke wa Siaosi ulimwona."

"Hapana."

"Na waimbaji?"

"Hapakuwa na waimbaji."

Aliendelea kukwangua. "Mkono?"

"Hapana. Niliona mwili wangu na chumba, na hata chumba chenyewe sina uhakika nacho. Mengine niliyasema kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza."

Kombe likasimama. Aliongea polepole sana, kama mtu anayehesabu nyuzi. "Kwa hiyo hata angekuwa kule, wewe usingemwona."

"Nisingemwona."

"Na siku ile, umekalia kiti hicho, unakula shelisheli langu, ulikuwa unajua hivyo?"

Nilifikiria kusema nilichanganyikiwa, dawa zilikuwa bado kichwani. Angekubali. Alikuwa ananipa nafasi, nilimwona usoni.

"Nilijua."

Alichukua kikombe changu, akakigeuza kumwaga nje, ingawa hakikuwa na kitu. Akakiweka chini sakafuni mbali na vingine.

"Toka kwangu."

Novemba 6

Mvua.

Novemba 7

Mvua. Mkeka wa Lopeti umeanikwa uani kwa Vaimoana unalowa, naye hauanui.

Novemba 8

Fatai amepita njiani, hakuingia, alisemea kwenye uzio. "Vaimoana amekuja zahanati asubuhi. Alisimama tu mlangoni akafungua mdomo kama mtoto anayepewa dawa. Hakusema neno. Nimempelekea askari kijiti mwenyewe."

"Asante."

"Usinishukuru mimi."

Novemba 11

Maua kumi na mbili. Msimu unaisha.

Novemba 16, Jumapili

Nilimwomba Mchungaji Havili nafasi ya kusimama. Nilimweleza kwa nini. Alikunja uso. "Dada, watu kumi na moja wamerudi kanisani kwa ushuhuda wako. Unataka kuwarudisha walikotoka?"

"Nataka wajue."

"Ukombozi wao hautegemei wewe uliona nini."

"Basi hautaumia nikisema."

Alininyima nafasi. Baada ya matangazo nikasimama hivyohivyo, nikasema, "Yale niliyowaambia niliyatunga," na alipoona naendelea akaanzisha wimbo. Kwaya ikapokea, besi zote. Nilisema yangu yote chini ya wimbo ule, midomo inafunguka na kufunga. Waliokuwa karibu walisikia. Mzee Siaosi alikuwa karibu. Aliangalia mikono yake.

Mlangoni Shangazi Pisila aliniambia, "Umetunga, ndiyo, lakini mama mkwe wako alikuwepo." Hakuna wa kumtoa hapo. Kwa imani yake nilikwenda nikarudi, na majani yalifanya kazi.

Novemba 20

Wenzangu wa kikundi cha kusuka wamehamia kwa mke wa mchungaji. Hawakuniambia. Siwalaumu.

Novemba 27

Majibu yamefika. Ni Lopeti.

Nilisikia sauti ya Vaimoana kabla sijaambiwa. Nilikuwa nakata magugu, nikakaa chini palepale kwenye tope. Siku arobaini na tisa zimepita tangu askari aje na kijiti, na thelathini kati ya hizo ni zangu. Siku thelathini mtoto wake amelala huko hana jina, kwa sababu ya shelisheli na gauni jeupe.

Desemba 10

Ameletwa kwa ndege jana. Jeneza halikufunguliwa. Hapakuwa na uso wa kubusu.

Mimi si ndugu, sikuwa na nafasi. Nilivaa mkeka mkubwa wa msiba uliochakaa, ule unaofika kidevuni, nikaenda nyuma jikoni wanakofanya kazi watu wa chini kabisa wa msiba. Nilimenya viazi vikuu na kusugua masufuria tangu asubuhi hadi walipomaliza kuzika. Wanawake walinipisha, wengine walinipa kisogo. Feleti alikuwa kwenye moshi wa nguruwe, macho mekundu. Mara moja Vaimoana alipita kwenda uani. Aliniona. Akapita.

Desemba 13

Asubuhi nilikuwa shambani nahesabu matunda. Yameshika machache, marefu kama kidole. Nikainua kichwa nikamwona Vaimoana amesimama mwisho wa mstari, nguo nyeusi, kichwa wazi kwenye jua.

"Sikuja kukusalimu," akasema.

"Sawa."

"Nina swali moja. Kule ulikokuwa, uliumia?"

Nilijichunguza kabla ya kufungua mdomo. Nilitoa ukuta, nikatoa kofia, nikatoa taa, nikaangalia kilichobaki.

"Hapana. Mimi sikuumia."

"Unasema kunifurahisha?"

"Hapana. Lakini ni mimi tu. Ya Lopeti siyajui, na sitasema."

Inzi alimtua shavuni, hakumfukuza.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Usije na mkeka kuniomba msamaha. Usimtume Feleti, usimtume shangazi yako."

"Sitamtuma mtu."

Alishika rando moja, akaliangalia kama hajawahi kuona vanila. "Jumatatu natoa nguo zake sandukuni. Siwezi peke yangu. Na kila anayeingia kwangu ananiambia yuko mahali pazuri, anapumzika, anaimba. Nimechoka, Lesieli. Nataka mtu wa kushika upande wa pili wa shuka na kunyamaza."

"Nitakuja."

"Hata neno moja la kunifariji, natoka na nguo zake nakuacha humo ndani."

"Nitanyamaza."

Akageuka akaenda, akipita katikati ya mistari kwa uangalifu asivunje kitu. Jumatatu, saa mbili. Nimemwambia Feleti asinisubiri chakula cha mchana.